Ukungu umerudi mara ya tatu, nimechoka kupaka rangi

MamaWawili
Habari zenu. Mvua zilizoisha juzi zimeniachia mabaka meusi kwenye ukuta wa chumbani, kuanzia kona ya nyuma ya kabati mpaka chini ya dirisha. Huu ni mwaka wa tatu. Kila mara nafuta kwa klorini, nasubiri siku mbili, napaka rangi, na mvua ikirudi rangi inatoka malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Safari hii hata mkoba wangu wa ngozi umeota manyoya ya kijani. Mtoto anapiga chafya usiku kucha. Mume wangu ameshikilia kwamba paa linavuja. Mimi nimepanda juu ya stuli nikaipapasa dari yote, ni kavu kabisa. Tatizo ni nini kabla sijanunua kopo jingine?

FundiMzee
Dada, kopo liache dukani kwanza. Rangi haikaushi ukuta, inayafungia maji ndani, nayo yakitafuta pa kutokea yanaibandua. Angalia chini karibu na sakafu: kuna unga mweupe? Udondoshee maji. Ukiyeyuka, hiyo ni chumvi, si ukungu. Imeletwa na maji yanayopita ndani ya ukuta.

Halafu kata vipande viwili vya nailoni, sentimita 45 kila upande. Bandika kimoja nyuma ya kabati na kingine chini ya dirisha, uzibe kingo zote nne kwa selotepu. Viache siku mbili. Jasho likiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani. Likiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa humo humo ndani. Kila moja lina dawa yake, ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Kipepeo
Mimi huchanganya klorini na siki, ukungu unakufa papo hapo.

ZamuYaUsiku
Na wewe utaufuata, Kipepeo. Klorini ikikutana na siki inatoa gesi inayounguza mapafu. Dawa za usafi zenye amonia nazo usizichanganye na klorini kamwe. Kwenye ukuta mgumu, maji na sabuni vinatosha. Vaa glavu na barakoa, fungua dirisha, na ulowanishe baka kabla ya kusugua, maana likisuguliwa kavu linarusha mbegu zake chumba kizima. Mtoto asiwepo, na kwa sasa alale chumba kingine.

MamaWawili
Nimerudi na aibu yangu. Nailoni ya nyuma ya kabati imelowa upande wa chumbani. Ya chini ya dirisha imelowa upande wa ukutani, na unga mweupe upo, umeyeyuka kama ulivyosema.

Kabati lilikuwa limegusa ukuta, na wakati wa mvua naanika nguo humo humo, madirisha nimefunga. Hilo la kwanza. La pili, nimetoka nje kuangalia chini ya dirisha: kuna tuta la maua limeegemea ukuta, udongo umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Tuta nimelipanga mwenyewe, miaka mitatu iliyopita. Mume wangu bado sijamwambia.

FundiMzee
Hahaha, paa limeshinda kesi. Ondoa udongo mpaka ushuke kama sentimita 15 chini ya sakafu, na ardhi uipe mteremko wa kukimbia ukuta. Ndani, kwangua plasta iliyolegea, chumvi ifagie kwa brashi kavu (usiioshe, itanyweka tena), kisha uache ukuta upumue. Si siku mbili! Ukuta ulioshiba maji unaweza kuchukua miezi. Kabati lisogeze upana wa kiganja kutoka ukutani, na nguo zikianikwa ndani dirisha libaki wazi, hata kidogo.

MamaWawili
Asante sana. Na mkoba? Godoro nalo lina madoa upande wa chini.

ZamuYaUsiku
Mkoba upeleke nje, ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uanike kivulini, jua kali litaupasua. Godoro ukilinusa likawa na uvundo, limeshaingiwa mpaka ndani. Sifongo haisafishiki, litupe.

MamaWawili
Nimelinusa. Linatoka leo, pamoja na maua.