Godauni la Shimanzi, Mombasa: makuli wana hofu baada ya rundo kubomoka

Swali: Assalam aleikum. Makuli ni 26, magunia ya kilo 50. Rundo lilibomoka, mmoja akavunjika mguu. Sasa wengine hawataki kupanda, wengine wagombana ovyo. Tajiri asema watazoea. Tuanzie wapi?

Jibu: Waleikum salaam. Anzeni na rundo, si maneno. Kila safu ifunge viungo (pale magunia mawili yanapokutana) vya safu ya chini yake, na rundo likipanda lirudi ndani kidogo. Kutoa ni kuanzia juu. Kinachobomoa ni kuchomoa chini ili lori lijae upesi. Hatari ikiwa bado ipo, hofu yao ni akili tu.

Jibu: Mko zaidi ya 20, kwa hivyo Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka muwe na kamati ya usalama. Wafanyakazi wachague wawakilishi wao wenyewe (si mpwa wa nyapara!).

Jibu: Msiwakusanye wote kila mmoja asimulie alichoona; kwa wengine huzidisha kidonda. Msimamizi aongee na mmoja mmoja, kando: walala? wala chakula vizuri? Ndoto mbaya na kushtuka vikipita mwezi, apelekwe kwa mshauri nasaha, na saa hizo alipwe. Ugomvi wa saa nane mchana nao huenda ni joto: kikombe cha maji kila dakika 20, hata bila kiu. Kuli mgeni siku ya kwanza afanye moja ya tano ya kazi, aongezewe polepole.

Muulizaji: Shukran. Lakini nyapara hulipwa kwa gunia, ndiyo maana ataka lori lijae upesi.

Jibu: Basi hilo ndilo la kwanza kupelekwa kwenye kamati.