Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi tulipokuwa tukingoja uamuzi wa kesi ya Derek Chauvin?

Ndugu zangu mlioko Minnesota, Marekani, na ninyi mliokuwa mkifuatilia kutoka nyumbani, salaam. Naomba tukumbushane siku mbili tu, tarehe 19 na 20 Aprili 2021, tangu mawakili walipomaliza hoja zao hadi Jaji Peter Cahill aliposoma uamuzi dhidi ya Chauvin, askari polisi aliyemuua George Floyd, Mmarekani mweusi, kwa kumkandamiza kwa goti kwa dakika 9 na sekunde 29. Kesi yenyewe imeshaelezwa sana. Ninachokiomba hapa ni habari za kule kungoja.

Nianze mimi. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku ya pili nilikuwa zamu ya mchana. Televisheni ya ukumbini ilikuwa wazi kutwa, lakini hapakuwa na mtu aliyeitaja kesi, si wazee wala sisi wahudumu, na kila mmoja alijifanya ana shughuli nyingine. Ilipopata saa nane na nusu hivi ikatangazwa kwamba uamuzi umepatikana na ungesomwa alasiri ileile. Jopo, yaani wale raia 12 waliochaguliwa kuamua kesi, ambao nyumbani tungewaita wazee wa baraza, lilikuwa limekaa kwa takriban saa 10 tu, nami nikajiuliza wepesi huo ni wa heri au wa shari. Nilikuwa nimeshika kijiko cha uji, na mzee niliyekuwa nikimlisha ndiye aliyenikumbusha kwamba bado hajashiba.

Kutoka St. Paul
Dada mleta mada, hofu yangu mimi ilikuwa na umri wa miaka minne. Mwezi Juni 2017 tulingoja uamuzi wa askari polisi aliyempiga risasi na kumuua Philando Castile, naye Mmarekani mweusi, kule Falcon Heights, na jopo likakaa siku tano. Kila siku tuliipa tafsiri yake: Jumatatu tulisema wanapitia ushahidi kwa makini, Jumatano tukasema yupo mmoja anayewakatalia wenzake, na Ijumaa tulipoitwa kusikia, askari akaachiwa huru. Tangu hapo niliapa kutopiga ramli kwa kuangalia saa, na hata hivyo mwaka 2021 nikajikuta nikipiga ileile. Mashtaka yalikuwa matatu: mauaji ya daraja la pili yasiyokusudiwa, mauaji ya daraja la tatu, na kuua bila kukusudia kwa uzembe. Katika kila shtaka ilibidi wote 12 wakubaliane, kwa hiyo usiku ule sikumwogopa jaji wala wakili, bali mtu mmoja nisiyemjua, aliyelala hotelini chini ya ulinzi, ambaye angeweza kuamka asubuhi na kusema hapana.



Kutoka Cedar-Riverside, Minneapolis
Kwangu ulikuwa mfungo wa nane wa Ramadhani. Nina duka dogo, na kama wenzangu wengi nilikuwa nimeziba madirisha kwa plaiwudi, kwa kuwa moto wa ghasia za mwaka uliotangulia, baada ya Floyd kuuawa, tuliuona kwa macho yetu. Jengo la mahakama lilikuwa limezungushiwa uzio na seng'enge, wanajeshi wa akiba wamesimama njia panda, na juma moja tu kabla ya hapo kijana Daunte Wright alikuwa ameuawa na askari polisi huko Brooklyn Center, kesi hii ikiendelea. Sasa fikirini: duka limezibwa, wateja wanadhani nimefunga, nami nimekaa gizani na simu mkononi, kiu imenishika na magharibi bado iko mbali. Sikuwa na nguvu ya kuomba dua ndefu. Nilisema tu, Mola, tuvushe.

Kutoka Nairobi
Nyinyi mlingoja mchana. Huku kwetu ilikuwa saa sita ya usiku, ndani ya kafyu. Mwanangu anasoma Minneapolis na nilikuwa nimemkataza kutoka. Alinijibu, "Sawa, mama," na nyuma ya sauti yake nikasikia umati wa watu.

Kutoka Minneapolis kusini
Mama, shikamoo. Huenda mwanao alikuwa karibu nami, kwenye makutano ya barabara ya 38 na Chicago, pale pale Floyd alipofia. Tulikuwa wengi, na kila kundi lilikuwa limezunguka simu moja. Matangazo hayakufika kwa pamoja kwenye simu zote, hivyo tulilisikia neno "hatia" kwanza kutoka upande wa pili wa barabara, kabla halijatoka kwenye simu yetu, na kwa sekunde chache hatukujua kama kilio kile kilikuwa cha furaha au cha msiba. Jaji akaendelea kumuuliza kila mmoja wa jopo, kwa namba yake, kama huo ndio uamuzi wake, lakini kwetu hakuna aliyekuwa akisikiliza tena. Bibi mmoja aliyesimama kando yangu alinishika mkono, akaniomba nimsomee mashtaka yote upya, moja baada ya jingine, kwa sababu kelele zilikuwa zimemkosesha la pili.