Reli za eneo la kukaa nje ya mgahawa: chuma cha kawaida, stenlesi au aluminiamu?

JikoLaNje
Wadau habarini, naomba mawazo yenu. Nina mgahawa na sasa natoa meza nje, nataka kuzungushia reli ili wateja wasipitiwe miguuni na wapita njia. Fundi wa kwanza anasema tuchukue chuma cha kawaida tupige rangi nyeusi imeisha hiyo, wa pili anasema stenlesi ndo mpango mzima, wa tatu kaniletea picha za aluminiamu zinavutia kweli ila nikishika sampo naona nyepesi nyepesi. Tupo karibu na bahari, na upande mmoja sakafu imeinuka kama sentimita 80 kutoka chini. Sitaki kitu kinachong'aa leo halafu mwakani kinachuruzika kutu kwenye vigae. Nyie mngechukua ipi?

MotoNaChuma
Karibu na bahari chuma na rangi peke yake sahau mkuu. Kiti kikikwaruza rangi mara moja tu, chumvi inapenya na kutu inatambaa chini kwa chini, wewe unakuja kushtuka rangi inabanduka vipande. Kama unakitaka chuma, reli itengenezwe yote kwanza, ichomelewe, itobolewe matundu ya bolti na kila kitu, NDO ikazamishwe kwenye zinki iliyoyeyuka (joto lake kama digrii 450), halafu juu yake rangi ya unga ile inayookwa. Fundi akileta paipu ambazo zishapakwa zinki akaanza kuzichomelea, pale kwenye maungio zinki inaungua yote na kutu itaanzia hapohapo, tena moshi wake unampa fundi homa. Halafu paipu ziwe na matundu ya kutolea hewa na maji, ikizibwa pande zote inaweza kupasuka ikizamishwa.

Asiyechoka
Stenlesi poa ila muulize huyo fundi ni ya namba gani, maana namba ndo inaonyesha aina yake. Wengi wanakuletea 304, upepo wa bahari ukiipiga inaota madoa ya kahawia. Inayokufaa wewe ni 316, imechanganywa na madini ya molibdenamu ndo maana inastahimili chumvi zaidi. Na awe na diski zake za grainda za stenlesi tu, akitumia ile aliyokatia chuma cha kawaida chembe zinaganda pale na zitashika kutu, baadaye utaambiwa stenlesi yako feki. Usioshee dawa yenye klorini, maji ya bomba na sabuni inatosha, ila mara kwa mara.

MpimaKimya
Mbona wote mnagombania chuma tu, hizo sentimita 80 hamjaziona? Mtu akirudisha kiti nyuma anaenda chini na kiti chake. Upande huo mimi ningeweka reli ya mita 1.1, fito zisimame wima na nafasi kati yake isifike sentimita 10, mtoto asipenye. Zile za kulala zinapendeza kwenye picha lakini mtoto anazipanda kama ngazi. Upande wa barabarani sentimita 90 zinatosha, na mlango uwe na upana wa kiti cha magurudumu, sentimita 90 pia. Kabla hujalipa mtu kaulizie vipimo kwa watu wa vibali vya ujenzi, yao ndo ya mwisho.

Aluminiamu kuwa nyepesi sio tatizo, haishiki kutu kama chuma, tatizo ni nguzo na unene wake. Mwambie akusimamishie nguzo moja uiegemee na uzito wako wote. Na kama bolti ni za stenlesi aweke washa (vile vipete vya kukaa chini ya bolti) za plastiki katikati, la sivyo chumvi itaitafuna aluminiamu kuzunguka bolti.

JikoLaNje
Aisee hili la kiti kurudi nyuma sikuliwaza kabisa. Sasa nguzo nizifunge juu ya sakafu au nizichimbie ndani ya zege?

MotoNaChuma
Ukizichimbia, pale nguzo inapoingia kwenye zege maji yanatuama na ndo zinapooza. Weka sahani yenye bolti 4, isikae pembeni kabisa mwa sakafu maana zege litamegeka, na chini ya sahani piga silikoni. Upande wa barabarani ambako ni tambarare unaweza kuweka reli za kuchomoa, siku ukitaka nafasi unazitoa. Huo ulioinuka sentimita 80 usikubali reli za kuchomoa.

JikoLaNje
Sawa, kesho namuita huyo wa aluminiamu na nguzo yake, mimi na mpishi wangu mnene tutaiegemea wote wawili 😂