Ushauri: mwanangu kafanyiwa upasuaji wa moyo, hataki kuniona

Mkulima wa Uyole: Habari za jioni wakuu. Niko Dar na binti yangu wa miaka 5. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, Jumanne ya wiki iliyopita wakamziba. Ametoka ICU, yuko wodini, madaktari wanasema anaendelea vizuri. Shida ni moja: nikisogea anageukia ukutani. Uji wangu hanywi, akija nesi anakunywa. Nifanyeje?

Mama Pacha: Pole baba. Kurwa wangu alipasuliwa hivyo hivyo. Kwanza kabisa, usimnyanyue kwa kumshika kwapani! Mfupa wa kifua wameupasua, unataka kama wiki 6 kuunga. Mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya makalio. Akitaka kukohoa mpe mto mdogo aukumbatie kifuani. Mimi nilimkunjia kitenge changu, mpaka leo anakilalia na hataki nikifue.

Kipunji: Mama yake yuko wapi?

Mkulima wa Uyole: Kabaki nyumbani, ana kichanga cha miezi 2.

Kipunji: Sawa. Na wewe ulimwambia nini mtoto siku mnaondoka Mbeya?

Mkulima wa Uyole: Samahani, nilikuwa naangalia dripu.

Kipunji: Nimeuliza ulimwambia nini.

Mkulima wa Uyole: Nilimwambia tunakwenda kuona bahari. Njia nzima, kilomita zaidi ya 800, ananiuliza kama samaki wa huko ni wakubwa kuliko wa Ziwa Nyasa kule Matema. Alibeba na kindoo cha kuchotea mchanga. Kaja kuzinduka ana mirija kifuani. Lakini ningesema ukweli asingepanda basi. Mtoto wa miaka 5 utamweleza nini kuhusu mashine inayosukuma damu huku moyo umesimamishwa? Halafu nimeshakata tiketi ya Alhamisi, shemeji yangu anakuja kunipokea zamu hapa wodini. Viazi vinaozea shambani. Labda asiponiona siku chache hasira itaisha.

Mzee wa Isyesye: Mwanangu, hapo umekosea. Baba yangu aliniambia tunakwenda sokoni Mwanjelwa, kumbe ananipeleka kuniacha kwa shangazi. Nina miaka 61. Pale sokoni bado napita haraka haraka.

Tukuyu Kijani: Pole sana kaka. Kwani gunia la viazi sasa hivi mnauzaje huko?

Simba wa Mafinga: Wakuu, subirini kwanza. Huyu Jumamosi alikuwa kwenye uzi wa kilimo anauza mbegu za viazi, akaandika "njooni shambani, nipo". Leo yuko wodini Dar tangu wiki iliyopita? Sasa hivi itakuja namba ya michango.

Mama Pacha: Jamani, kweli? Na mimi nilishaanza kulia hapa.

Mkulima wa Uyole: Simu ya biashara nimemwachia mdogo wangu, ndiye anayeuza. Sijaomba hata shilingi mia. Niwaambie nini mniamini? Wanampulizisha mapovu ya sabuni ili mapafu yafunguke. Nesi akiondoka, anakificha kikopo chini ya shuka nisipulize mimi.

Nesi Mstaafu Iringa: Simba, mwache. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, hilo la kikopo halitungwi. Kaka, mtoto wa umri huo mara nyingi hudhani anaadhibiwa. Usimweleze sababu zako, atazisikia akikua. Mwambie, "Nilikudanganya, kosa ni langu, wewe hukufanya ubaya wowote." Kisha kaa hapo hapo, hata asiposema neno. Sindano ikiwa inauma, mwambie inauma. Mkirudi nyumbani anaweza kuanza kukojoa kitandani au kushtuka usiku, msimchape, huwa inapita. Kuhusu Alhamisi, ukiondoka sasa, yeye atajua ulimleta ukamwacha. Viazi avivune mdogo wako.

Simba wa Mafinga: Nimekosea kaka, nisamehe. Tumetapeliwa sana humu.

Mkulima wa Uyole: Ndaga sana mama. Nimemwambia jioni hii. Akanyamaza, nikadhani kalala. Kisha akauliza, "Kwa hiyo bahari haipo?" Nikamwambia ipo, haiko mbali na hapa. Uji hajanywa. Ila kikopo amenipa nimshikie wakati anapuliza. Kesho asubuhi naenda stendi kuulizia kama tiketi inarudishwa.