Tumbo miezi 8, kila nikipima naambiwa amiba. Nifanyeje?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Moshi, miaka 36. Tumbo linanikata chini ya kitovu, nikitoka chooni linatulia. Wiki hii naharisha, wiki ijayo choo kigumu kama cha mbuzi, gesi ndiyo usiseme. Zahanati tatu zimesema amiba, moja ikaongeza taifodi. Flajili nimemeza hadi mdomo una ladha ya sarafu! Napata nafuu kidogo, kisha yale yale. Damu sijaona, uzito haujashuka.

Juzi daktari akasema huenda ni IBS (utumbo kusumbua muda mrefu bila vipimo kuonyesha ugonjwa), nipunguze maharage, vitunguu na maziwa. Mimi Mchaga, niache kiburu, ndizi zetu za maharage? Ila kinachonikosesha usingizi ni baba mdogo, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 48. Nilimweleza daktari, akaendelea kuandika dawa.

Nidai rufaa ya hospitali ya KCMC nikapimwe utumbo kwa kamera, au nianze na kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo? Aliyewahi kupita kwenye hiyo kamera, maandalizi yakoje, na bima ililipa? Na mnaoishi na IBS, mkiwa msibani mnakula nini?