Tupeane uzoefu: kumbi za mikutano Nairobi na mitambo yake, nani amewahi kuumbuka?

Karani wa Sacco
Wadau, hamjambo. Natafuta ukumbi wa mkutano mkuu wa mwaka, wanachama 300 ukumbini na wengine mtandaoni. Kila hoteli ninayoingia inanipa karatasi ileile: jenereta ipo, projekta ipo, intaneti ya kasi ipo. Nimeshachomwa na karatasi hizo, kwa hiyo naanza na yangu.

Mwaka jana tulikodi ukumbi Upper Hill. Jenereta nilionyeshwa, kubwa kama matatu, nikaridhika. Siku ya mkutano mweka hazina alikuwa amefika ukurasa wa gawio, stima ikapotea. Jenereta iliitika baada ya sekunde kumi na tano hivi, kwa hilo sina lawama. Taa zikarudi, maiki zikarudi. Projekta ikabaki kimya, kijitaa chekundu kinapepesa. Kumbe hizi za balbu zikikatwa ghafla haziwaki tena mpaka balbu ipoe. Dakika nne nzima. Mzee mmoja safu ya pili akasimama: "Mmezima makusudi! Rudisheni hesabu zetu!" Ukumbi mzima ukamuunga mkono. UPS ndogo tu, lile boksi la betri linaloshikilia stima ikipotea, chini ya ile projekta ingeniokoa.

Siku hizi siulizi kama jenereta ipo. Naomba stima ikatwe mbele yangu, kila kitu kikiwa kimewashwa, nione kipi kinalala na kinachukua muda gani kuamka. Haya, leteni yenu.

Shemeji wa South B
Langu fupi. Tulikagua ukumbi usiku, picha kwenye skrini imekolea vizuri kabisa. Hafla ilikuwa saa kumi jioni, upande wa magharibi ni vioo vitupu na mapazia ni yale mepesi ya urembo. Wageni walitazama skrini nyeupe saa nzima. Kagueni saa ileile ya shughuli.

Mzee wa Waya
Karani, mwanangu, umenena. Mimi ni fundi wa mitambo, nimefunga spika mji huu tangu enzi za kaseti, na bado soketi hunishinda akili.

Harusi moja Karen, hema zuri, bustani nzuri. Nikaomba stima ya mitambo, nikaelekezwa kwenye soketi nne za ukuta wa nyumba. Nikahesabu: nne, zinatosha. Bwana harusi anaingia, wimbo umepanda, watu wa chakula wakachomeka birika mbili kubwa kwenye soketi ya tano, kule jikoni. Breka ikaruka, muziki kimya, bwana harusi amesimama mguu mmoja hewani. Soketi zote tano zilikuwa kwenye breka moja! Soketi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba wati 3,000 na kidogo, na birika moja tu la namna ile linakula 2,000 na zaidi. Ukuta mzima ukiwa kwenye breka moja, ziwe soketi nne au kumi, umeme wa kugawana ni uleule.

Sasa natembea na taa ndogo ya mezani na kipande cha chaki. Nachomeka taa soketi moja, mtu anazima breka moja baada ya nyingine mpaka taa izimike, naandika namba ya breka kwa chaki juu ya soketi. Nusu saa nimemaliza ukumbi. Wapishi nawapa breka yao, nami nakaa na yangu.

Halafu ule mngurumo kwenye spika. Kabla ya kumlaumu fundi, chomoa chaja ya laptopu inayocheza sauti. Mara nyingi ngurumo inakatika hapohapo.

Kijana wa Kaloleni
Mzee wa Waya, shikamoo. Yangu iliniaibisha mbele ya bosi. Ukumbi katikati ya mji, tuliukagua Jumamosi, kimya kabisa, maiki zisizo na waya safi. Mkutano ukawa Jumatano. Saa saba kasorobo mkurugenzi anasoma malengo ya mauzo, spika zetu zikajibu, "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Ukumbi wa pili ulikuwa na maombi ya mchana, na maiki yao ilikuwa kwenye masafa ya redio yaleyale ya maiki yetu. Cha kuchekesha, kuna waliosema amina. Nikatafuta maiki ya waya, hotelini hakuna hata moja.

Bint Pangani
Hahaha, pole kaka. Mimi ni mkalimani, naongeza la kibanda tunachokaa tukitafsiri. Nairobi imekuwa ikipokea mikutano ya dunia tangu 1973, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) walipokutana kwenye jumba la mikutano la KICC, lakini bado naletewa kibanda kilichowekwa nyuma ya nguzo. Mzungumzaji anasema "kama mnavyoona hapa", nami naona saruji. Humo tunakaa wawili, tunapokezana kila nusu saa hivi, kwa hiyo kiti kimoja hakitoshi.

Na wale wa mahema, ulizeni vipokea sauti vya tafsiri vinafanya kazi kwa njia gani. Vya infraredi vinategemea miale isiyoonekana, jua likiingia hemani linaifunika. Nimewahi kuona wajumbe wa Kifaransa wote wamehamia kona moja yenye kivuli kama kuku.

Karani wa Sacco
Nimecheka peke yangu ofisini. Mzee wangu, meneja akikataa kukata stima nimwambie nini?

Mzee wa Waya
Mwombe azime breka ya ukumbi huo peke yake. Hilo nalo akikataa, maliza chai yake, mshukuru, nenda ukumbi wa pili. Na mtandao upime kasi ya kupakia, yaani ya kutuma picha na sauti zako nje, kwa sababu wao hukuonyesha ya kupakua tu, na wanachama wako wa mbali watakuona umeganda mdomo wazi.

Karani wa Sacco
Asante sana mzee. Kesho saa nane nina ahadi Westlands. Taa nimeazima kwa jirani, chaki nimechukua kwa mtoto.