JIBU: Uvimbe chini ya ubongo na upasuaji wa kupitia puani

> Assalamu alaikum ndugu zangu. Mume wangu anaona vitu viwili viwili, na baada ya picha ya MRI madaktari wanashuku kordoma, yaani saratani adimu ya mfupa, kwenye sakafu ya fuvu. Hospitali ya mji wetu hapa Ohio imetupangia upasuaji wa puani wiki ijayo. Tukubali?

Waalaikumu salaam dada yangu, na pole sana kwa mtihani huu. Nilimuuguza kaka yangu kwa maradhi haya haya hapa Pittsburgh, na ninakusihi usitie saini kabla ya kuuliza mambo machache.

Kordoma humpata takriban mtu 1 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka, hivyo daktari hodari kabisa anaweza kustaafu bila kuipasua. Upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa ya kuuondoa uvimbe wote, kwani ukirudiwa, makovu huwa yameshikamana na mishipa ya fahamu na ile mikubwa ya damu iendayo ubongoni. Muulizeni daktari amepasua kordoma ngapi, si uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambao ni wa kawaida zaidi. Na je, bingwa wa pua na bingwa wa ubongo hufanya kazi hiyo pamoja? Majibu yasipowaridhisha, ombeni rufaa na nakala ya picha zote. Madaktari wa chuo kikuu hapa Pittsburgh ni miongoni mwa waanzilishi wa njia hii ya kupitia puani tangu miaka ya 1990, na shirika la Chordoma Foundation huwaelekeza wagonjwa kwa madaktari wazoefu bila malipo. Kibali cha bima kipatikane kwa maandishi mapema.

Mkalimani ni haki yenu bila malipo katika hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, kwa hiyo msimbebeshe mtoto wenu kazi ya kutafsiri habari nzito kama hizi.

Baada ya upasuaji, tundu la kwenye fuvu mara nyingi huzibwa kwa utando uliochukuliwa kwenye ukuta wa kati wa pua, nao huhitaji utulivu ili ushike. Mgonjwa hapengi kamasi, hanyanyui mzigo wala hainami, na akipiga chafya huachama. Karatasi ya maelekezo haikutaja sala, nasi tukamuuliza daktari kuhusu sijda; akaikataza, na kaka akasali ameketi kitini, akiashiria kwa kichwa, mpaka aliporuhusiwa.

Mume wako akihisi maji maangavu yakimtiririka puani, hasa akiinamisha kichwa, au ladha ya chumvi kooni, huenda maji ya ubongo yanavuja na homa ya uti wa mgongo inaweza kufuata. Mpigieni daktari wa zamu saa ile ile, hata iwe usiku wa manane.